Harage la Papa Bahati

Bwana asifiwe! Wale wa karibu na mlango, sijawasikia. Bwana asifiwe tena! Amina. Mchungaji amenipa dakika kumi, na kwa kuwa ananijua, ameketi pale mbele anatazama saa.

Ndugu zangu, mimi ni Munguiko, mwinjilisti wa kanisa hili. Nimesimama kuwaambia jinsi Bwana alivyoniponya uongo. Ndiyo, uongo! Tena si ule wa sokoni. Niliusema hapa hapa, nikiwa nimeshika Biblia, nanyi mkaniitikia Amina.

Mnajua desturi yetu. Kila mwinjilisti hupewa mwenzi wa maombi. Wewe unakwenda kwa watu, yeye anabaki akiwaombea, na ukirudi unampa majina yao kabla hata mchungaji hajayasikia. Mimi nilipewa Mama Vumilia, mjane anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, kule Keshero. Niseme kweli, nilinuna. Wenzangu walipewa mashemasi na walimu wa shule, mimi nikapewa mama wa miguu mibovu, asiyejua kusoma!

Kwa kuwa hakuweza kuandika, kila jina nililompa alilitilia harage moja kwenye kikombe cha bati. Asubuhi aliyatoa moja moja, akalishika kila moja, akaomba. Ombi likijibiwa, harage lilihamia kwenye sufuria ndogo, kungoja siku ya kupikwa kwa shukrani. Mimi nilikuwa nikicheka kimoyomoyo.

Mwanzoni nilifanya kazi vizuri. Kisha siku moja nilikuwa nahubiri sokoni Birere, katikati ya vibanda. Mimi ni mtoto wa milima ya Masisi, lugha ya mama yangu ni Kinyarwanda, na nikifungua kinywa tu watu wanajua nilikotoka. Muuza viatu mmoja akapaza sauti: "Weye, rudia kwenu! Batu kama weye njo banatuletea shida!" Wengine wakacheka, wengine wakanikodolea macho. Nilifunga Biblia nikaondoka. Ndugu zangu, niliogopa! Vita vimetuachia sote vidonda, wasemao lugha yangu ndio wanaolaumiwa, na neno kama lile linaweza kumfikisha mtu pabaya.

Tangu siku ile sikukanyaga tena Birere. Asubuhi niliaga nyumbani nimevaa koti, Biblia kwapani, nikaenda kuketi kwenye mawe meusi ya ziwani hadi jioni. Kisha nikampelekea Mama Vumilia majina. Niliyatunga! Leo mama wa mapacha, kesho kijana mlevi, kesho kutwa mzee kipofu. Naye akayapokea yote, harage juu ya harage. Jumapili nikayarudia kwenu, mkanipigia makofi. Nyumbani sikuomba tena hata juu ya chakula.

Siku moja majina yalinikauka. Nikamwambia kuna baba mmoja, Papa Bahati wa Birere. Zamani alikuwa mtu wa maombi, sasa amejifungia, watu wakibisha hodi ananyamaza kwa hofu. Mama Vumilia alilishika harage lile muda mrefu. Akasema, "Huyu papa ananiumiza roho. Nitamufungia."

Alifunga siku tatu, ndugu zangu! Siku ya tatu nilimkuta kando ya beseni lake, midomo imemkauka, na bado anawapimia wateja sambaza. Hata sijamsalimu, alikuwa amesimamisha pikipiki mbili. "Papa Munguiko, tuende. Leo nataka nimuone kwa macho."

Njia nzima nilikuwa natafuta uongo mwingine. Niseme amehama? Niseme amekwenda Bunagana kwa biashara? Lakini nilimwona yule mama pale mbele, amemshika dereva kiunoni, kichwa kinamlegea kwa njaa aliyoipata kwa ajili yangu. Moyo wangu ukauma vibaya sana. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia Birere.

Akashuka, akanishika mkono. "Ni mulango gani?"

Nikaangua kilio mbele ya watu wote. "Mama, unisamehe. Papa Bahati haiko. Na ule wa mapacha haiko. Nilikuwa nabaki ku ziwa. Nilikuwa naogopa."

Akaketi juu ya gunia la mkaa la mtu. Kisha akasema, "Siku tatu, papa! Siku tatu sikule kitu, juu ya mutu mwenye haiko! Nimekasirika sana." Akapangusa uso kwa kitenge. "Lakini yule Papa Bahati ulimueleza muzuri. Mutu mwenye kujifungia, mwenye kuogopa. Si ni weye? Basi sikuomba bure. Uninunulie mandazi, kufunga kumeisha."

Haleluya! Mimi nilikuwa nimemdharau, kumbe alikuwa amenibeba siku tatu bila kujua kuwa ni mimi.

Tuliporudi Keshero alimwaga kikombe mezani. "Utoe ya kweli." Nikatoa manne tu. Yaliyobaki aliyarushia kuku, isipokuwa lile la Papa Bahati. Hilo alilirudisha kikombeni, nami nikaja hapa kuungama mbele ya wazee wa kanisa.

Wiki iliyofuata alihamishia beseni lake Birere, karibu na vibanda vya viatu. Aliniambia, "Mimi naomba, weye unasema. Ukiogopa, ugeuke uniangalie." Nilikwenda moja kwa moja kwa yule muuza viatu. Nikageuka mara mbili njiani, sifichi! Nikamsalimu kwa ulimi wangu huu huu wa Masisi. Alinitazama, akasema ndugu yake aliuawa barabarani wakati wa vita, na hasira haimwishi. Nikamwambia nami nimezika watu wangu. Akanivutia kigoda. Hajaokoka bado, harage lake lingali kikombeni, lakini kigoda ananipa kila wiki.

Jumamosi iliyopita Mama Vumilia aliniita kula maharage ya shukrani, yamepikwa kwa sambaza. Nikauliza, "Na la Papa Bahati?" Akacheka. "Liko mule ndani. Kula tu." Sikuweza kulitambua kati ya mengine, kwa hiyo nilimaliza sahani yote ili nisilikose.

Ndugu yangu, usiende shambani mwa Bwana peke yako. Mtafute mtu wa kukuombea, hata kama ni yule uliyemdharau, na umpe majina ya kweli. Yesu anapokea waongo, mimi ni shahidi! Mama Vumilia yule pale, anaficha uso kwa kitenge. Ukitoka ibadani, pita kwake, ana kikombe. Anza na jina lako.