Waliokula Sahani Moja na Elina Msengi

Ndugu waombolezaji, juzi Jumapili, tarehe 8 Juni 1958, waliokaa mkekani kula na marehemu hapa Nduguti ni mama yake, Klara Msengi. Mume wa marehemu, Gasto Kitundu. Dada yake, Dorika, aliyetoka Mgori. Binti wa marehemu, Dina. Na mimi, Mathayo Msengi, baba yake mkubwa. Hakuwapo mwingine.

Elina alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Machi 1930, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akafundisha wasichana kushona, na tarehe 6 Oktoba 1951 akafunga ndoa na Gasto, wakajaliwa Dina mwaka 1953.

Mwaka uliofuata viungo vilianza kumuuma, nywele zikapukutika, na wekundu ukamtanda puani na mashavuni kila alipopigwa na jua, hivyo akawa analima alfajiri, amejitanda kanga, wanawake kisimani wakimtania kwamba anaogopa jua kama Mzungu, naye akiwajibu kwamba jua ndilo lililoanza ugomvi. Utani huo ulikwisha alipoanza kukohoa na kuhema, kwa kuwa sote tulidhani ni kifua kikuu, akatengewa kibanda, kikombe na sahani, na Dina akapelekwa kwa bibi yake mzaa baba, Singida Mjini. Kwa miaka mitatu chakula chake kiliwekwa mlangoni, na aliyekileta aliondoka kabla mlango haujafunguliwa. Hakulalamika, ila kila lori lilipofika kutoka mjini aliuliza kama mtoto yumo.

Mwezi Aprili mwaka huu daktari wa misheni alimtoa maji kifuani, akapima makohozi mara tatu, akatueleza kwamba si kifua kikuu, bali ni ugonjwa uitwao lupus, ambao huufanya mwili ujishambulie wenyewe, kwake umekwisha kufika kwenye mapafu, na hauambukizi mtu. Nilitangaza haya kanisani Jumapili mbili. Watu walisikiliza vizuri, wakaenda makwao.

Tunamshukuru daktari huyo na wauguzi wake, Bwana Kitwana aliyemleta Dina kwa lori lake, na majirani waliochimba kaburi.

Juzi Jumapili, pale mkekani, Dina hakumtambua mama yake, akauliza huyu ni nani, naye Elina akamjibu kwamba ni mwenzake wa sahani moja, akammegea ugali, akauchovya kwenye mlenda, akamlisha. Yeye mwenyewe alikula kidogo, pumzi haikumtosha.

Pumzika sasa, mwanangu, mlango uko wazi.

Elina Msengi alifariki jana, Jumatatu, tarehe 9 Juni 1958, asubuhi.