Papa Hubert wa Pisini ya Nyabiondo

Wapendwa mliotoka Hombo, Kashuga na milima hii yote ya Nyabiondo kuja kulia pamoja nasi, mimi ni Elodie, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na ninaomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu jana watu wa pisini, lile bwawa letu la kuogelea, waliomba kwamba wao ndio walibebe sanduku la Papa kutoka hapa hadi kaburini, mimi nikakataa mbele ya wajomba, na jibu langu la mwisho nitalitoa nikimaliza kusoma.

Papa Hubert Bitasimwa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 huko Hombo, teritwari ya Walikale, baba yake akiuza mafuta ya mawese kwenye barabara ya Bukavu na Kisangani, mama yake akilima muhogo. Alianza shule ya msingi hapohapo mwaka 1973, akamaliza mwaka 1979, kisha akasoma sekondari Walikale hadi mwaka wa nne, lakini kuogelea hakufundishwa na mwalimu yeyote, alijifunzia mtoni akivusha bidoni, yale madumu ya mafuta ya baba yake, maana bidoni ya mawese huelea, na mtoto akiishika vizuri anafika ng'ambo pamoja nayo.

Mwaka 1991 alikuja Nyabiondo kununua maharagwe, akamwona Mama yetu Généreuse sokoni, akaendelea kununua maharagwe hata pale alipokuwa hana mahali pa kuyauza, mpaka wakafunga ndoa takatifu tarehe 20 Julai 1996 katika kanisa hili. Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi mwaka 2000, Guy mwaka 2003 na Hélène mwaka 2007. Tuko watatu tu, ninasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu benchi la mbele, lile la watoto wa marehemu, ninaliona limejaa.

Mwaka 2005 chama cha wakulima kilichimba pisini ya jamii kando ya kijito, mwaka 2006 Papa alipata cheti cha mlinzi wa waogeleaji baada ya mafunzo kwenye ziwa kule Goma, na mwaka 2011 akawa mkuu wa walinzi wote, kazi aliyoifanya hadi ugonjwa ulipomlaza. Aliwafundisha wenzake kwamba mlinzi hayapi maji mgongo, hashiki simu, hapigi stori, kwa sababu mtoto anayezama hapigi kelele, ananyamaza. Vita vilipofunga pisini na wakimbizi wakaja kuchota maji yake, yeye aliendelea kusimama pale na filimbi shingoni, akiwalinda watoto wenye ndoo.

Na ninyi mnajua desturi iliyozaliwa pale pisini, kwamba aliyetolewa majini na mlinzi anakuwa mtoto wake, anamwita Papa, na kila mavuno anamletea maharagwe ya kwanza ya shamba lake. Maharagwe hayo tuliyala nyumbani kwetu, na mimi niliyala kwa uchungu, hasa yale ya Umugwaneza, binti wa rika langu, ambaye yuko pale mbele amevaa kitambaa kilekile cha maombolezo nilichovaa mimi. Papa alimtoa majini mwaka 2008, akamfundisha kuelea, na mimi nilitazama kupitia tundu la ua wa mianzi unaozunguka pisini, mkono wa baba yangu ukiwa chini ya mgongo wa mtoto wa wengine, akimwambia alegeze shingo, asiogope, yupo.

Mimi, Guy na Hélène tulikatazwa kuingia pisini. Hakutupa sababu, alisema tu kwamba watoto wa mlinzi hubaki nyumbani, na alikuwa zamu hata siku za mapumziko, kwa hiyo mtoto wa kwanza wa mkuu wa walinzi hajui kuogelea mpaka leo. Siku ya komunyo yangu ya kwanza alikuja na filimbi mfukoni, akatoka kabla ya picha, kwa sababu pisini ilikuwa imejaa. Niliona wivu, na bado ninauona, sitawasomea watu wazima uongo mbele ya sanduku.

Mwezi wa pili mwaka huu wa 2022 alianza kuvimba miguu, madaktari wakagundua ugonjwa wa figo, akalazwa, akarudi, akalazwa tena, na kitandani alizoea kugeukia upande ambako watoto wa wagonjwa walikuwa wakicheza, akiwahesabu. Alifariki Jumapili tarehe 12 Juni asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono.

Leo kabla ya misa, Papa Déo, aliyefanya naye kazi tangu mwanzo, alinivuta kando, akaniambia jambo ambalo Papa alimkataza kulisema akiwa hai. Siku ile ya mwaka 2008 mimi nilikuwa pale, nimekaa ukingoni na miguu majini, sikumbuki, na Papa alikuwa akiniangalia mimi, mimi tu, wakati Umugwaneza alipokuwa akizama nyuma yake. Baada ya kumtoa alimwambia Papa Déo maneno ambayo nitayasoma kama alivyoyasema: "Mutoto wangu akikuwa hapa, macho yangu inakatala kuangalia wengine, njo maana abakie ku nyumba."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea kuni, maji na chakula tangu Jumapili, padri wetu, walinzi wa pisini pamoja na Papa Déo, na ndugu wa Hombo waliosafiri kwa pikipiki kwenye matope.

Sasa jibu langu. Watu wa pisini, mtambeba ninyi kutoka hapa hadi mlango wa pisini, Umugwaneza akitangulia na msalaba. Pale mlangoni mtamshusha, Papa Déo atapiga filimbi ile ya kuwatoa watu majini, na kutoka pale hadi kaburini tutambeba sisi, mimi, Guy, Hélène na wajomba, na ninawaomba msituguse hata tukichoka.

Papa, filimbi ikilia zamu yako itakuwa imekwisha, wote watakuwa wametoka, hakuna atakayezama. Geuka sasa, utuangalie sisi, kisha upumzike kwa amani.