Sauti Ndani ya Deki

Kwenye treni, mbele yangu, mama mmoja mshonaji alikuwa amepakata deki kuukuu ya kaseti iliyofungwa kwa shuka. Mzee aliyeketi naye akamwuliza kama bado inafanya kazi.

"Inaimba, mzee wangu. Mafundi waliniambia niizike. Mkanda wake wa mpira, ule unaozungusha kaseti, ulikuwa umeyeyuka kama lami. Nikaufuta wote kwa spiriti na pamba, nikaweka mwingine, palepale kando ya cherehani yangu."

Akaeleza kwamba dada yake amekuwa akijigamba tangu utotoni kuwa ndiye aliyeongoza wimbo kwenye mashindano ya shule. Jana kaseti ya siku ile, ambayo bado imo ndani ya deki, ikakubali kucheza. "Ni mimi, mzee wangu. Nilisikia sauti yangu nikalia, kisha nikacheka peke yangu."

"Mpira usio wake hukimbiza kaseti," mzee akasema. "Sauti nzito ya dada yako ingeweza kutoka nyembamba kama yako."

"Na kikohozi changu kinachosikika katikati ya wimbo, nacho ni cha dada?"

Behewa zima tulijifanya hatusikilizi. Treni ikasimama, mzee bado anatikisa kichwa. Dada mtu alikuwa akingoja kwenye jukwaa la stesheni, akanyoosha mikono apokee mzigo.

"Niache nibebe mwenyewe," mama akamwambia. "Kwako umeme upo?"