Torbjørg Nesheim na Vafler za Ijumaa

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuwahudumia watoto wenye kifafa kikali hapa Bergen, muuguzi wetu, Sista Torbjørg Nesheim, anastaafu tarehe 30 Juni. Mwenyewe anasema anakwenda kupumzika. Tunaomfahamu tunacheka tu.

Alianzia wodini, akahamia kliniki, na huko kote alikwenda na chuma chake cha kuchomea vafler, zile keki bapa za Kinorwe. Kila Ijumaa aliwaketisha wazazi jikoni na kuwalisha vafler za moto zilizopakwa malai mazito. Daktari aliwauliza kama degedege zimepungua. Torbjørg aliwauliza hali ya nyumbani, na hapo ndipo walipofunguka.

Ilipokuja dawa ya CBD, inayotokana na mmea wa bangi, jiko lilichangamka. Bibi mmoja alifoka, "Sasa mmeamua kumlevya mjukuu wangu?" Torbjørg akamjibu, "Hailevyi, bibi. Ingekuwa inalevya, mimi ningekuwa nimeshaionja!" Bibi alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Hata hivyo hakuipigia debe. Mtoto wa Leiv, mmoja wa wazazi wetu, alipoanza kuhara na kukataa chakula kwa sababu ya dawa hiyo, Torbjørg mwenyewe alimsindikiza baba huyo kwa daktari ili dawa ipunguzwe taratibu mpaka iachwe. Kwa mama mmoja, Marit Hauge, mambo yalikuwa mengine. Binti yake, Oda, hajawahi kusema neno, lakini dawa ilimwamsha. Alianza kututazama usoni, na akitaka kitu anagonga meza mara mbili. Degedege hazikuisha. "Haijamponya," Marit alituambia huku machozi yanamtoka, "ila sasa nikikaa mezani, mwanangu yupo."

Halafu ikazuka shida. Kila walipotoka kliniki Ijumaa, Oda alilala usingizi wa pono Jumamosi nzima. Baba yake akasema basi, imetosha, dawa iachwe. Marit alikonda kwa hofu ya kumpoteza tena. Sisi wote tulikuna vichwa, na vafler tukaendelea kula.

Aliyegundua ni Marit. Siku moja alimtazama Oda akilamba malai, akaweka uma chini. "Sista, usinichukie. Ni vafler zako hizi!" Nyumbani Oda alikunywa dawa kabla ya kula, kwetu aliinywa pamoja na malai, na mafuta huifanya iingie mwilini kwa wingi zaidi. Torbjørg alijishika kichwa. "Mungu wangu! Na mimi ndiye ninayemwongezea!" Daktari alipima damu, akakubaliana na Marit, akarekebisha dozi. Tangu hapo Oda hunywa dawa pamoja na chakula kilekile kila siku. Baba yake hakutaja tena kuiacha.

Leo madaktari wetu wote huanza kwa kuuliza hali ya nyumbani. Hilo ni lako, Torbjørg. Ila ule mwavuli wa bluu uliouazima ni wangu, naomba uurudishe.

Asante kwa kila kitu. Chuma cha vafler tumekificha, usijisumbue kukitafuta. Ijumaa hii Oda, ambaye sasa ana miaka kumi na mitano, atakuja kukuaga. Akimaliza sahani yake atagonga meza mara mbili, maana yake anataka nyingine. Sisi sote tutagonga naye, tukiitaka miaka mingine thelathini na moja. Kwa kuwa hatutaipata, nenda ukapumzike kwa raha, dada yetu.

Gunnar Tveit, kwa niaba ya wenzako wa kliniki