Shangazi na Bodi ya Farasi

Ndugu, majirani, mafundi, na ninyi mliokuwa mnacheza gemu ukumbini kwa Meneja mkaja leo na watoto wenu, asanteni kwa kufika. Meneja ni mume wa marehemu. Amesema sauti yake haitafika mwisho wa karatasi hii, kwa hiyo nasoma mimi, mtoto wa kaka wa marehemu. Kwangu alikuwa shangazi, na ndivyo nitakavyomtaja.

Shangazi alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala la mbao na mama yake alikuwa mshonaji. Kazi yake ya kwanza nyumbani ilikuwa kufumua. Mama akikosea mshono, nguo ilikwenda kwa Shangazi, naye aliutoa uzi wote kwa sindano bila kitambaa kupata hata tundu. Mwenyewe alisema ndipo alipojifunza kwamba kutoa kitu ni kugumu kuliko kukiweka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1973 hadi 1979, akafaulu, akaingia sekondari. Alikaa huko miaka miwili tu, maana ghala la mbao lilifungwa na baba akabaki bila kazi. Mwaka 1984 alijiunga na chuo cha ufundi, darasa la jioni la redio na televisheni. Walikuwa wanafunzi kumi na tisa, msichana yeye peke yake. Siku ya kwanza mwalimu alimwambia, "Wewe binti kaa karibu na mlango, umeme si mchezo." Alipomaliza mwaka 1985, huyo mwalimu alikuwa akimletea redio yake ya nyumbani, tena kwa mlango wa nyuma wenzake wasimwone.

Mwaka 1986 alianza kazi katika karakana ya redio. Bodi yake ya kwanza ya gemu aliipata mwaka uliofuata, kwa sababu mafundi wengine waliikataa. Ilikuwa sahani pana ya kijani inayoendesha mashine nzima, ina chipu zaidi ya mia, haina mchoro wala maelezo. Fundi mkuu aliizungukia kama mtu aliyeona nyoka, akasema, "Mpeni yule mwenye subira." Shangazi aliimaliza siku ya nne. Kuanzia hapo hakurudi tena kwenye redio, na mwaka 1989 alifungua karakana yake katika chumba kimoja kilichopakana na duka la viatu, meza yake ikitazama dirisha.

Wengi wenu mliwahi kusimama pale dirishani, mnajua alivyofanya kazi. Hakuwa na haraka ya kuwasha. Kwanza aliisafisha ile mistari ya shaba ya ukingoni kwa raba ya wanafunzi, akaangalia kutu, akanusa. Kisha aliwasha na kupitisha mgongo wa vidole juu ya chipu, moja baada ya moja, kama mama anayepima homa. Chipu akiishuku, alichukua nzima inayofanana nayo na kuibandika juu yake, mguu kwa mguu. Hilo aliliita kumbebesha mtoto mgongoni. Picha ikitengemaa, basi mgonjwa ni huyo wa chini. Mteja mmoja alisafiri siku mbili na bodi aliyoambiwa imekufa kabisa. Shangazi aliipiga raba, akaiwasha, ikacheza. Yule mteja alinuna.

"Yaani mama, siku mbili zote barabarani, halafu wewe umefuta tu?"

"Ungependa nilie kidogo kwanza?"

Sasa nafika kwenye jambo ambalo Shangazi mwenyewe aliagiza lisifichwe. Mwezi Mei 1991, Meneja alimletea bodi ya gemu ya farasi wa posta. Wakati huo hawakuwa wanajuana, yeye alikuwa mwenye ukumbi wa gemu tu, na hiyo ndiyo mashine ambayo watu walipanga foleni hadi nje. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo: farasi haendi kushoto. Shangazi alibadilisha chipu moja, farasi akaenda kushoto. Kazi ilikuwa imeisha. Lakini alikuwa na desturi moja. Bodi yoyote yenye betri, alizima na kuitoa ile betri kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe, maana betri zikizeeka huvuja maji yanayokula shaba. Alishaokoa bodi nyingi kwa njia hiyo. Basi akaitoa na ya farasi.

Alipowasha, skrini ilikuwa ya kijani tupu.

Hakujua, na wakati huo mafundi wachache sana walijua, kwamba waliotengeneza bodi ile waliifunga programu yake kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wenyewe ulihifadhiwa kwa nguvu ya ile betri. Betri ikitoka hata dakika moja, ufunguo unafutika moja kwa moja. Meneja alipokuja, Shangazi hakuanza kwa kujitetea.

"Farasi anakwenda kushoto?" Meneja aliuliza.

"Alikwenda. Halafu nikamuua."

"Fundi, usinitanie, watu wananisubiri kule."

"Sikutanii. Kaa kwanza."

Alimweleza yote, akamwambia pia kwamba haipeleki kwa fundi mwingine yeyote, atabaki nayo mpaka aifufue mwenyewe. Akafunga kikaratasi kwenye bodi, kama alivyozifungia bodi zote, cha kueleza ilikuja na nini na yeye alifanya nini. Cha farasi kilisomeka hivi: "Alikuja na mafua. Nimemuua mimi."

Meneja aliondoka amevimba. Lakini Jumamosi iliyofuata alirudi, akasimama dirishani. "Mgonjwa anaendeleaje?" Akajibiwa, "Bado maiti." Jumamosi nyingine hivyo hivyo, na nyingine. Mwenye duka la viatu anasema baada ya miezi minne Meneja alikuwa anakuja amechana nywele, na suala la bodi halitajwi tena. Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1992. Marafiki wa bwana harusi walisema amekosa bodi kachukua fundi, na Shangazi alicheka kuliko wote. Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1994 na wa kiume 1997, na katika nyumba yao nimeishi mimi miaka sita sasa. Sikuwahi kusikia mlango umebamizwa.

Ila bodi ya farasi hakuiacha. Ilikaa kwenye rafu juu ya meza yake miaka thelathini na mitatu. Ukumbi ulifungwa mwaka 2006, watu walipokuwa na gemu majumbani na mikononi, na kazi zake zikawa za kuletewa kwa posta na watu wanaotunza mashine za zamani. Kila alipopata nafasi alirudi kwa farasi. Meneja alimwambia mara nyingi, "Tupa hiyo, mama. Mimi nilishakusamehe zamani."

"Wewe umesamehe. Farasi hajasema kitu."

Mwaka 2019 mikono yake ilianza kutetemeka. Daktari alieleza ni ugonjwa wa neva, dawa zitapunguza lakini haziondoi. Mwaka 2021 alirudisha bodi za watu wote, zile zilizopona na zile alizoshindwa, kila moja na kikaratasi chake. Hakulalamika. Siku moja tu nilimwona ameshika raba, anaitazama, halafu akaiweka chini. Kilichomuuma si kuacha kazi. Aliona ataondoka farasi akiwa vilevile, na yeye ndiye aliyemuua.

Mwezi Aprili mwaka huu, fundi mwenzake wa mbali, ambaye walijuana kwa ujumbe tu, alimwandikia kwamba watu wamefanikiwa kuzipata funguo za bodi zile, na zinaweza kuandikwa upya kwa kifaa kidogo kinachoungwa kwa nyaya nne. Kifaa kilifika mwezi Mei. Mikono ya Shangazi haikuweza hata kushika waya. Meneja, ambaye katika ndoa yote hiyo hakuwahi kugusa chuma cha kulehemu, alivuta kiti akakaa mezani.

Alifanya mazoezi wiki tatu kwenye bodi mbovu, Shangazi kando yake ana mto mgongoni.

"Usikandamize. Unalehemu, hupigi muhuri."

"Nimegusa tu."

"Umegusa mpaka kumetoka moshi. Haya, fumua, anza tena."

"Huyu mwanamke angekuwa mwalimu, shule ingefungwa."

"Fumua, Meneja."

Alhamisi tarehe 6 Juni, saa tisa mchana, aliunga betri mpya na zile nyaya nne. Ufunguo ukaandikwa. Wakawasha. Skrini ikawa ya kijani, na nilimwona Meneja amefumba macho. Kisha ile kijani ikaondoka, akatokea farasi na mfuko wake wa barua. Meneja alicheza, akamtumbukiza mtoni kabla ya dakika kuisha. Akamgeukia mkewe.

"Haya. Umeridhika?"

Shangazi alikuwa anatabasamu, machozi yanamtoka, kichwa amekiinamisha kidogo. "Kwa farasi nimeridhika. Spika ya kushoto inakwaruza. Kuna kapasita imechoka. Tutaiangalia ukipumzika."

Usiku huo alikula vizuri. Ijumaa alipata homa ya mapafu, akalazwa. Aliaga dunia Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Meneja, na wauguzi watashuhudia kwamba hakuhangaika.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, dada wawili na kaka mmoja, ambaye ni baba yangu. Ameacha pia mashine nyingi zinazocheza katika nyumba za watu ambao hakuwahi kuwaona.

Meneja ameomba niongeze jambo moja. Jana alikaa mezani peke yake. Hakuna aliyemwelekeza. Alifumua mara mbili, mara ya tatu ikashika. Kapasita amebadilisha. Spika ya kushoto haikwaruzi tena.

Shangazi, pumzika kwa amani. Hakuna kilichobaki mezani.