Goti la Mfalme Barnaby

Leo, Jumanne tarehe 29 Septemba 1601, sikukuu ya Malaika Mikaeli, Ndugu Barnaby Thirkell anastaafu uigizaji baada ya miaka ishirini na minne katika kundi letu la Bwana Thornhay, mlezi wetu. Miaka yote hiyo alikuwa mfalme. Sisi wengine tumekuwa maaskofu, wauaji, wajumbe na walinzi wa lango, wakati mwingine vyote katika mchana mmoja. Barnaby hakuwahi kushuka cheo, isipokuwa mara moja alipoigiza mzimu, na hata huo ulikuwa mzimu wa mfalme.

Alizaliwa Norwich, mtoto wa mtengeneza mishumaa, akachukuliwa kundini kwa sababu ya sauti yake. Mfalme wake wa kwanza alikuwa John. Mwandishi wa mchezo ule alikuwa hajaamua kama John ni shujaa aliyemkatalia Papa au katili aliyemuua mtoto wa kaka yake. Barnaby alipomuuliza ni yupi kati ya hao, alijibiwa ni wote wawili. Akawaigiza wote wawili, na watazamaji wakarudi makwao wakibishana njia nzima hadi darajani.

Wafalme wetu wa jukwaani wana kawaida zao. Anayewapiga Wafaransa hushangiliwa, anayependelea marafiki hupinduliwa, na mcha Mungu hulia sana. Wote hao walivaa joho letu moja la mahameli nyekundu na taji letu moja la shaba, lakini hakuna aliyewahi kuwachanganya. Siri ilikuwa shingo ya Barnaby. Akiwa Edward wa Pili, alilibeba taji kama kofia ya kuazima. Akiwa Henry wa Tano, alisahau kabisa kwamba amelivaa. Wengi hapa Southwark, kando ya London, hawajui kusoma, na historia ya nchi yao wameipata kwenye shingo ile.

Lakini aliyejaza uwanja kuliko wote alikuwa Richard wa Tatu. Babu yake Malkia wetu ndiye aliyemnyang'anya taji vitani, kwa hiyo si ajabu waandishi hawamwonei huruma. Winifred, mkewe Barnaby, alimshonea nundu ya sufu. Mchezo ulivyoandikwa, Richard mwishoni hupiga magoti na kuomba asiuawe, kisha mimi, ninayeigiza huyo babu wa Malkia, humchoma upanga huku watu wakicheka. Barnaby aliicheza sehemu hiyo vizuri hata akapata tabu mjini. Kwa kuwa mchezoni Richard huwaua wapwa zake wadogo, kuna muuza samaki mmoja ambaye kila akimwona humwambia, "Kwanza kawaulize wapwa zako kama wamekula."

Mwaka wa 1593 tauni ilifunga kumbi za London, tukaenda kutafuta riziki kaskazini. Katika mji mmoja wa huko tukawachezea Richard, maana London alikuwa analipa. Kichwa cha kila mmoja wetu kilikuwa na nywele tu siku ile. Hakuna aliyekumbuka kwamba Richard aliishi upande ule, akaamua kesi zao kwa haki, na kwamba wajukuu wa watu wake ndio waliokaa mbele yetu. Hakuna aliyezomea. Barnaby alipopiga magoti, ukumbi mzima ulinyamaza, na ukimya ule ulitutisha kuliko kurushiwa mawe.

Jioni Bibi Isabel Metcalfe, mjane wa fundi matandiko ya farasi, alikuja na mkate wa nyama tulipofikia, akauweka mbele ya Barnaby.

"Babu yangu alirudi kutoka vita ile na mkono mmoja," alimwambia. "Alituambia mfalme alikufa amesimama. Nyinyi mmekuja kumpigisha magoti nyumbani kwake?"

Barnaby alimwahidi kwamba hatapiga magoti kesho yake, wala siku nyingine yoyote. Kiongozi wetu, Bwana Lionel Pask, alikataa, kwa kuwa mchezo una muhuri wa mkaguzi wa serikali na haubadilishwi. Barnaby akamjibu kwamba hajasikia mtu aliyefungwa kwa kusema maneno pungufu ya yaliyoandikwa.

Mimi hawakuniambia. Kesho yake nikaingia na upanga wangu, nikitarajia mtu aliyepiga magoti, nikakuta mfalme mzima ananijia. Mimi na upanga hatujuani sana. Alinizungusha jukwaani hadi nikaona kamba shingoni mwetu sote, nikamnong'oneza, "Barnaby, kufa basi. Babu yake Malkia hawezi kushindwa hapa." Akaninong'oneza, "Nichome vizuri, nife kiume." Nikamchoma. Wanaume ukumbini wakavua kofia zao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Tuliporudi London, Bwana Pask alitukumbusha kwamba hapa masikio ya serikali yako kila benchi, na familia zetu zote zinakula jukwaani. Barnaby akapiga magoti. Amepiga magoti miaka minane, na kila akimaliza hunawa peke yake na kula peke yake. Aliniambia mara moja tu, "Nilimwahidi yule mama, Ambrose." Iliniuma, na ikaendelea kuniuma.

Jumamosi iliyopita alicheza kwa mara ya mwisho, katika mwaka huu ambao, tangu maasi ya Februari dhidi ya Malkia, hata neno kupindua hatulisemi kwa sauti. Zamu ya magoti ikafika. Barnaby akaanza kuinama. Nikamshika kiwiko.

"Simama, kaka," nikamwambia. "Leo tupigane."

Alinitazama, nundu imekwenda upande, kisha akainua upanga. Waliokuja kucheka waliacha kutafuna matufaha yao. Mfalme Richard alikufa amesimama.

Nyuma ya pazia Bwana Pask, akiwa amejishika kichwa, alisema tukiulizwa tuseme goti la mzee lilikataa. Basi wasifu huu unatamka rasmi, mbele ya yeyote aliyetumwa kusikiliza, kwamba goti la kulia la Ndugu Barnaby Thirkell ni bovu. Ni kweli pia kwamba baada ya mchezo, tulipopiga magoti kumwombea Malkia kama desturi, yeye ndiye aliyetangulia kushuka, yote mawili, bila kushikwa mkono. Malkia aombewe na anayempenda, na Barnaby anampenda.

Kaka Barnaby, ahsante kwa wafalme wote uliotupatia, wema na wabaya. Mimi nitaukosa upanga wako, ingawa ulinitoa jasho. Uishi kwa amani wewe na Winifred, na samaki wenu wawe wabichi. Tunasikia kwamba kabla ya kuhamia Norwich mtapitia kaskazini. Ukimkuta Bibi Isabel yu hai, mwambie mfalme wake alisimama London, mchana kweupe, mbele za watu.