Sekela Aliyemtokea Baba Mkwe Wake Mkutanoni

Sekela Ackson alizaliwa Nkunga tarehe 3 Juni 1952, mtoto wa pili wa Mzee Ackson na Mama Tupokigwe. Wasifu huu ulichelewa kuchapwa kwa sababu wazee wawili wa ukoo walikuja juzi na maneno yao mfukoni. Walitaka uandikwe kwamba marehemu alikuwa "mwanamke mnyenyekevu aliyejua mipaka yake". Familia imekataa. Marehemu alikuwa na habari zake mwenyewe, na ndizo zinazosomwa leo.

Alisoma Nkunga hadi darasa la nne, mwaka 1964. Sauti yake ilikuwa ndogo hata mwalimu akamweka dawati la mbele ili amsikie, na huko huko mbele alijibu akitazama meza. Nyumbani alikuwa amefundishwa kwamba mtoto wa kike hajibu, hacheki kwa sauti, hapiti mbele ya wanaume walioketi. Mtu akiambiwa hivyo tangu anabebwa mgongoni, atajuaje kwamba hakuzaliwa hivyo?

Mwaka 1971 aliolewa kijijini Suma na Isakwisa, mwana wa Mzee Ambwene. Wageni waelewe kwamba kwa desturi ya Wanyakyusa, mkamwana hakutani na baba mkwe, wala baba mkwe hamtazami. Sekela akisikia tu kikohozi cha mzee, alijitosa migombani na ndoo yake kichwani, mvua inanyesha, mimba ya miezi saba tumboni. Siku moja alijificha humo hadi kuni zikalowa chapachapa, na jioni akagombezwa kwa sababu jiko linafuka moshi. Mwenyewe alicheka akisimulia, lakini wanawe hawakuweza kucheka. "Mimi ni mwoga tu," aliwaambia wenzake siku hizo. "Ndivyo Mungu alivyoniumba."

Kazi yake ilikuwa chai. Mumewe akiwa kazini kwenye kiwanda cha chai, yeye alifyeka kichaka cha bondeni, akapanda miche, akapalilia na mtoto mgongoni. Chai hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wote watatu. Kisha ukaja ubinafsishaji. Mwaka 1996 kiwanda kilipata mmiliki mpya, naye akataka kununua mashamba yote ya bondeni ili apanue lake. Mkutano ukaitwa kwenye banda la kupimia chai. Wanaume wakaalikwa, wakaketi. Wanawake waliopanda na kuchuma hawakuambiwa lolote! Mzee Ambwene, ambaye hakuwahi kung'oa hata gugu moja katika shamba lile, akasimama akatangaza kwamba ukoo wake umekubali.

Sekela alikuwa nyuma ya banda na kikapu chake cha majani. Alitoka, akasimama mbele ya mzee uso kwa uso, akasema, "Baba, ile chai ni yangu. Siitoi."

Kumbe desturi ile ilimfunga na mzee pia. Mzee Ambwene alijifunika koti kichwani akatoka mbio kama aliyevamiwa na nyuki. Wazee wenzake, ambao kwa desturi nao walikuwa kama baba wakwe zake, wakageuza nyuso, wakatawanyika, na mnunuzi akabaki anatazama viti vitupu. Hakuna aliyetia sahihi. Mkutano mwingine haukuitwa, maana hakuna mzee aliyetaka kutokewa na mkamwana wake. "Miaka yote nilidhani mwoga ni mimi," Sekela aliwaambia wanawe jioni hiyo. "Kumbe na yeye alikuwa ananikimbia."

Shukrani yake ilikuwa nini? Aliitwa mwendawazimu. Misibani aliketishwa peke yake, na Mzee Ambwene alipofariki mwaka 1999, Sekela alizuiwa hata kuingia uani kuomboleza. Hao hao waliomtenga waliendelea kuchuma chai yao bondeni bila haya, chai ambayo bila yeye wasingekuwa nayo! Wakasema mambo ya soko huria yamemharibu tabia. Hakuharibiwa na kitu. Alikuwa amefundishwa kuinama hadi akaamini ndivyo alivyo, na siku aliyosimama ndiyo aliyojifahamu. Hiyo ndiyo siku wanayotaka ifutwe.

Aliugua saratani ya kizazi tangu Februari mwaka huu. Wazee walimfuata hadi kitandani, wakamwambia, "Omba radhi, binti, tukuzike vizuri." Akawajibu, "Ndaga, wazee wangu, asanteni. Nizikeni hivi hivi nilivyo." Alifariki asubuhi ya tarehe 12 Agosti 2004, hospitalini mjini Tukuyu, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Ameacha mume, Mzee Isakwisa, watoto, Ipyana, Atupokile na Gidion, wajukuu watano, na mkamwana mmoja, Prisca, mke wa Ipyana. Prisca alipofika hapa kama bibi harusi, naye alikimbilia migombani. Marehemu alimfuata, akamshika mkono, akamrudisha uani amwamkie baba mkwe wake. Prisca ndiye anayewasomea wasifu huu. Baba mkwe wake ameketi hapa mbele yake, anamtazama, na hakuna aliyekimbia.

Mungu ampokee Sekela kama alivyo, ampe amani tuliyomnyima.